Ukifika Tomar, Uliza Bei

Katika kundi letu la waandishi chipukizi yupo kaka mmoja ambaye jina lake nalihifadhi, kwa sababu namheshimu, na kwa sababu mswada wangu bado uko mikononi mwake. Kaka huyu alibahatika kwenda Ureno kwa siku chache. Aliporudi alituletea picha na hadithi tele. Mji uliomkosha roho kuliko yote haukuwa Lisbon, bali mji mdogo wa kando ya mto uitwao Tomar. Akatusomea na makala aliyoandika kuhusu ziara hiyo. Mto umetulia, nyumba nyeupe, vichochoro safi, ngome juu ya kilima, kanisa la mviringo, dirisha la ajabu la mawe. Kila aya iliishia na neno "nzuri" au ndugu yake "ya kupendeza."

Alipomaliza akatupiga rungu: "Wenzetu wanajua kutunza historia. Sisi magofu yetu tunafungia mbuzi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nisiwe mnafiki.

Lakini nikauliza swali moja. "Kaka, ule msalaba ulio juu ya dirisha, umetuambia ni mzuri. Ni wa nani?" Akasema ni pambo la kanisa tu. Nikamwambia msalaba ule ndio waliokuja nao waliovamia Kilwa. Akanitazama kama konda anavyomtazama abiria aliyetoa noti iliyochanika, akaniuliza: "Dogo, wewe umeshafika Tomar?"

Sijafika. Nauli ya kufika Kariakoo yenyewe wakati mwingine naikopa.

"Basi waachie waliofika waseme." Kikao kikacheka tena. Safari hii mimi sikucheka.

Makala haya ndiyo jibu langu, kwake na kwa wote wanaosafiri namna yake. Nasema hivi: mtu anayeuzunguka mji wa kihistoria bila kuuliza uligharimu nini na nani alilipa, huyo amepita tu, hajafika. Na sisi watu wa pwani hii, tukiingia Tomar, hatuingii kama wageni wa kusifia mapazia. Jina letu limo kwenye daftari la nyumba ile. Tunayo haki ya kuuliza bei.

Tuanze na hili la "hujafika." Mwaka 1456, Papa Calixtus III alitoa hati iliyowapa watawa-wapiganaji wa Shirika la Kristo, wenye makao yao Tomar, mamlaka ya kidini juu ya nchi ambazo Wareno walikuwa wameziteka na watakazoziteka, kuanzia pwani ya Afrika Magharibi hadi Bara Hindi. Mwaka 1456! Bartolomeu Dias alikuja kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa maneno mengine, miaka arobaini na kitu kabla merikebu za Wareno hazijafika kwenye bandari hizi, mzee mmoja huko Roma alishaandika kwamba kila watakachokiteka huku, mambo yake ya roho yataamuliwa na mji mdogo wa kando ya mto Nabão. Papa yule hakuwahi kufika Kilwa. Mfalme Manuel wa Kwanza, aliyetuma merikebu, hakuwahi kufika Kilwa. Hakuna aliyewaambia, "Dogo, umeshafika?" Kumbe wengine wakisema juu yetu bila kufika inaitwa hati. Sisi tukisema juu yao bila kufika inaitwa kiherehere!

Mimi nimesoma vitabu, nimekodolea macho ramani na picha mpaka mshumaa umeisha. Kwa hiyo naomba niwatembeze Tomar kwa njia yangu. Atakayebahatika kwenda na akague hatua zangu.

Kwa kawaida mgeni hushuka kwenye gari moshi kutoka Lisbon, safari ya saa mbili hivi, akapanda moja kwa moja kilimani kwenye ngome na nyumba kubwa ya watawa. Hapo hupiga picha ya dirisha, akashuka kunywa kahawa kando ya mto, kisha jioni akarudi Lisbon. Ndivyo alivyofanya kaka yetu. Mimi ningeanzia chini.

Chini, katika mtaa mwembamba wa mji wa kale, kuna sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Ilijengwa katikati ya karne ya 15. Ni chumba kimoja cha mraba, si kikubwa, kina nguzo nne katikati. Kwenye pembe za kuta, juu, walipachika mitungi ya udongo kichwa chini ili sauti ya sala isikike vizuri. Hebu fikiria ufundi huo. Sasa sikia kilichofuata. Mwishoni mwa mwaka 1496 Mfalme Manuel aliamuru Wayahudi waondoke Ureno, na mwaka 1497 wengi wakabatizwa kwa nguvu. Chumba kile cha sala kikafungwa, kisha kikafanywa jela. Baadaye kikawa ghala. Mwaka 1923 kilinunuliwa na mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, ambaye alikuja kukitoa kwa serikali mwaka 1939 kiwe makumbusho.

Sisi tunalo neno "gereza." Wataalamu wa lugha wanatuambia limetokana na neno la Kireno "igreja," yaani kanisa. Ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka leo inaitwa Gereza, na Fort Jesus ya Mombasa ilitumika kama gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili akisimama katika chumba kile cha Tomar, nyumba ya ibada iliyogeuzwa jela, haelezwi jambo geni. Limo katika lugha yake. Kaka yetu alipita mlangoni pa sinagogi hilo, ametuambia mwenyewe, hakuingia kwa sababu "ni kadogo."

Makumbusho hayo yamepewa jina la Abraham Zacuto, mwanafalaki Myahudi aliyefanya kazi kwa wafalme wa Ureno. Majedwali yake ya jua na nyota, yaliyochapishwa mwaka 1496, yaliwasaidia mabaharia wa Kireno kujua wako wapi katikati ya bahari. Vasco da Gama ang'oa nanga Julai 1497. Zacuto naye, wakati ule ule wa kubatizwa kwa nguvu, akaikimbia nchi. Hesabu zake zilipandishwa merikebuni, mwenyewe hakuwa na pa kuishi. Hiyo ndiyo bei ya kwanza, na iko chini kabisa ya mji, mahali ambapo mgeni mwenye haraka hafiki.

Kutoka hapo ningevuka daraja la kale hadi ng'ambo ya pili ya mto, kwenye kanisa la Santa Maria do Olival. Kwa nje halina makuu. Humo ndimo walimozikwa wakuu wa Watemplari, watawa-wapiganaji walioanzisha mji huu, akiwemo Gualdim Pais aliyeanza kuijenga ngome ya juu mwaka 1160. Watemplari walipovunjwa na Papa mwaka 1312, mfalme wa Ureno hakutaka mali yao ipotee. Mwaka 1319 likaundwa Shirika la Kristo, likarithi mali zao, na mwaka 1357 makao yake yakawa Tomar. Wenyeji wanasema kanisa hili la Olival lilikuwa mama wa makanisa yote ya Wareno ya ng'ambo. Ndiyo ile hati ya 1456 niliyoitaja. Hivyo mwaka 1505, Dom Francisco de Almeida alipowashusha askari wake Kilwa, wakateka, wakapora na kusimamisha ngome, kisha mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa, kwa mujibu wa karatasi za Roma mambo ya roho ya mahali walipokanyaga yalikuwa chini ya Tomar. Mababu zetu waliokuwa wakisali Ijumaa katika Msikiti Mkuu wa Kilwa walikuwa na bosi kando ya mto Nabão, na hakuna aliyewapa taarifa. Mambo hayo yalikuja kuhamishiwa jimbo la Funchal, lililoanzishwa mwaka 1514.

Sasa ndiyo tupande kilimani.

Juu kule kuna kanisa la mviringo la Watemplari, limepakwa rangi na dhahabu ndani. Kuna mabaraza ya ndani yaliyojengwa wakati wa Mwanamfalme Henrique, ambaye kuanzia mwaka 1420 alikuwa msimamizi wa Shirika la Kristo. Vitabu vya watalii humwita "Baharia," ingawa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusafiri mbali. Alitumia mapato ya Shirika kugharimia safari za merikebu kwenda pwani za Afrika. Mwaka 1444, katika mji wa Lagos kusini mwa Ureno, mateka zaidi ya 200 kutoka Afrika walishushwa pwani wakagawanywa, mama huku, mtoto kule. Henrique alikuwepo, juu ya farasi wake, akapokea fungu lake la tano. Aliyeandika habari hizo ni mwandishi wao wenyewe, Zurara. Sikuzua mimi.

Kisha linakuja dirisha. Lilichongwa kati ya mwaka 1510 na 1513 na Diogo de Arruda, enzi za Mfalme Manuel. Sitaki kuwadanganya wenzangu: hata kwenye picha, dirisha hili linatisha kwa uzuri. Kamba za merikebu zimechongwa kwenye jiwe, kuna mafundo, magugu ya baharini, matumbawe, na tufe la pete ambalo lilikuwa alama ya mfalme. Juu kabisa kuna ule msalaba. Chini kabisa kuna mtu mwenye ndevu amebeba mizizi ya mti, na juu ya mizizi hiyo ndipo lundo lote linapoanzia. Watu wanabishana yule ni nani. Kaka yetu hakumwona kabisa. Picha yake imekatia juu ya kichwa cha yule mzee!

Hapa mtu ataniruka: "Kwa hiyo unasema dirisha lile lilijengwa kwa dhahabu yetu?" Hapana, sisemi. Ushahidi wa hilo sina, na mwandishi anayesema asichokuwa na ushahidi nacho ni mpiga porojo. Ninachosema ni hiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon. Mfalme Manuel, mfalme yule yule wa dirisha, akaagiza itengenezwe monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi. Ikakamilika mwaka 1506. Ipo mpaka leo, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon, ina mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka. Na chini, kwenye kitako chake, imeandikwa kwamba mfalme aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Wareno wenyewe waliandika bei! Waliichonga kwenye dhahabu wala hawakuona haya, wakati ule ilikuwa sifa. Ni sisi tunaokwenda leo, tunaangalia juu kunakong'aa, hatuinami kusoma maandishi. Tena mfua dhahabu aliyeitengeneza aliitwa Gil Vicente, na wengi wanaamini ndiye yule yule Gil Vicente mwandishi, ambaye Wareno humwita baba wa tamthilia yao. Enyi mnaoota kuwa waandishi, mmesikia? Huenda baba wa tamthilia ya Ureno aliishika dhahabu ya Kilwa kwa mikono yake. Je, sisi tumeandika tamthilia ngapi juu ya siku ile ilipopimwa na kukabidhiwa?

Bado kituo kimoja. Nyuma ya kilima, nje ya mji, kuna mfereji wa maji uliobebwa juu ya matao ya mawe, matao kama 180, urefu wa kilomita sita hivi. Ulikuwa wa kuwapelekea maji watawa. Kaka yetu aliuita "kazi ya amani." Haya, tuhesabu. Mwaka 1581 baraza la taifa la Ureno lilikutana Tomar, likamtambua Philip wa Pili wa Hispania kuwa mfalme wa Ureno pia. Mfalme huyo ndiye ambaye chini yake mfereji ulianza kujengwa, mwaka 1593. Na ndiye ambaye chini yake, mwaka huo huo wa 1593, ilianza kujengwa Fort Jesus pale Mombasa. Mfalme mmoja, mwaka mmoja. Tomar wakapata maji, Mombasa wakapata mizinga. Mtu asiyejua Mombasa ataona mfereji tu. Lakini wewe uliyekulia pwani hii, uliyesoma Fort Jesus katika historia ya sekondari, una kisingizio gani?

Na msiseme haya ni ya zamani mno. Msalaba wa Shirika la Kristo umechorwa kwenye ndege za jeshi la anga la Ureno hadi leo. Ulikuwepo kwenye ndege zilizodondosha mabomu Msumbiji katika vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, wakati wakimbizi wakivuka mto Ruvuma kuja Mtwara na Songea. Wapo wazee wetu waliouona msalaba ule angani. Wao hawakuuita pambo.

Nakubali kwamba kaka ana hoja moja. Kutunza tumeshindwa mara nyingi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, miaka miwili kabla ya nyumba ya watawa ya Tomar, iliyoingia 1983. Yaani tuliwatangulia! Lakini kuanzia 2004 hadi 2014 Kilwa ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari na mvua vikila kuta. Hilo ni la kwetu, tusimsingizie da Gama.

Nakubali na la pili. Swali la bei likiulizwa Tomar lazima liulizwe na Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji, na akaandika pia kwamba mtawala wake alikuwa akifanya uvamizi dhidi ya watu wa bara na kupata mateka. Kasri la Husuni Kubwa halikujijenga. Kuna mtu alizamia matumbawe, kuna mtu alichoma chokaa, kuna mtu alibeba pembe kutoka bara, na majina yao hatuna. Tukienda Kilwa na kusema "nzuri" tu, tutakuwa tumefanya kosa lile lile, ila nauli ni ndogo.

Wala sichochei chuki kwa watu wa Tomar. Muuza keki wa leo kando ya Nabão hakuichoma Mombasa, na Wareno wenyewe walikaa miongo mingi chini ya udikteta mpaka Aprili 1974. Ugomvi wangu ni na makala ya kusifia. Ni makala ya uvivu. Inamfanya kijana wa Manzese au Likoni aamini kwamba historia ni mali ya walio na viingilio na vipeperushi, na kwamba kazi yake yeye ni kupiga makofi.

Kwa hiyo nawageukia nyinyi mnaosoma jarida hili huku mmeficha madaftari chini ya godoro. Tunaambiwa kila siku, "Andika unachokijua," na tunaelewa vibaya: tunadhani maana yake ni uswahilini kwetu tu, bomba lililokatika na demu aliyetukimbia. Hayo tuandike. Lakini Tomar nayo tunaijua. Tunaijua kwa neno gereza, kwa bendera, kwa meza tunayoandikia, yote hayo yametoka kwa Wareno. Andikeni juu ya karani wa Kilwa aliyehesabu dhahabu ile. Andikeni juu ya fundi aliyechimba msingi wa Fort Jesus. Andikeni juu ya Zacuto akiitazama merikebu ikiondoka na hesabu zake. Akija mtu na kuuliza kama mmeshafika, mwambieni hati ile juu yetu iliandikwa na mtu ambaye hajafika.

Na wewe kaka yangu, nakuomba kitu kimoja kabla makala yako haijakwenda kuchapwa. Rudisha kwenye ile picha ya dirisha kile kipande cha chini ulichokikata. Muweke yule mzee mwenye ndevu, na mizigo yake. Halafu mswada wangu nirudishie, hata kama hujaumaliza.